Boga Lenye Sharubu Zangu

Jumatatu, 3 Juni
Nimesoma kwamba boga changa likifungiwa ndani ya kitu, hunenepa mpaka likachukua umbo la kitu hicho. Kumbe umbo linafundishika! Nikamkimbilia jirani yangu fundi viatu, mwenye upara, asiye na sharubu, na mwenye ushindi wa kila mwaka kwenye maonyesho ya mboga ya mtaa. Nikamwambia safari hii boga langu litakuwa na sura yangu, sharubu na kila kitu. Akacheka mpaka sindano ikamdondoka. Akasema lisipofanana nami, ninyoe sharubu mbele ya watu. Nikakubali. Mdomo wangu huu!

Jumanne, 4 Juni
Mke wangu kanuna. Ananikumbusha kwamba yeye aliolewa na sharubu, mimi nilikuja nazo tu kama mzigo. Nikamwambia asihofu. Nikajilaza uani, nikajipaka mafuta, nikapumua kwa mrija, naye akanimwagia usoni jipsamu iliyobaki tulipoziba dari. Ikakauka, ikabanduka: kalibu ya sura yangu! Nimelivisha boga la ukubwa wa ngumi likiwa bado kwenye mmea, nyuma nikaliziba kwa ubao.

Ijumaa, 14 Juni
Linanenepa! Nimechungulia kwenye ufa, nimeona pua. Pua yangu mwenyewe! Nimecheza peke yangu bafuni. Fundi viatu kaniuliza kama nimeshanunua wembe. Nimempuuza.

Jumamosi, 22 Juni
Siku ya maonyesho. Nimevunja kalibu mbele ya mtaa mzima. Mashavu, sawa. Pua, sawa. Sharubu, hakuna. Boga halikupenya kwenye vijifereji vya nywele. Mdomo wa juu laini kama wa mtoto. Na utosi, bila shaka, kipara. Muuza mkaa akatamka kwamba huyo ni fundi viatu mtupu. Majaji wakakubali, wakalipatia nafasi ya kwanza kwa kufanana naye. Fundi akapigwa picha amelikumbatia, machozi yanamtoka. Wembe alikuwa nao mfukoni.

Jumapili, 23 Juni
Mke wangu kaamka, kautazama mdomo wangu ulionyolewa, kaniita fundi, kauliza viatu vyake vitakuwa tayari lini. Imeniuma sana.

Mchana nimejipapasa mdomo. Vinyweleo! Vichanga, bado havijajua vitakuwa na umbo gani. Nikachukua jipsamu iliyosalia, nikavitengenezea kalibu ndogo. Viote vimejikunja kama pembe za kondoo! Nimeshamtangazia fundi viatu. Safari hii dau ni nyusi.