Sungura Aliyepewa Jina la Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Nina sungura! Dume na jike. Wamevuka mto Lualaba ndani ya kikapu na hawakutoa hata sauti. Nimekaa mbele ya kibanda tangu asubuhi. Pua zile hazipumziki! Na masikio: jua linapita ndani yake, mishipa yote inaonekana. Subhanallah. Safi, mke wangu, ameuliza kama nimemwoa yeye au nimewaoa hawa. Nilikuwa natazama.

Mpango: watazaa, wengine watatuliwaza, wengine tutawala. Tatizo ni majani. Mwenye majani ni jirani yetu Blanchard, na ni mchoyo, hata kivuli chake angekifungia ndani jioni. Nikafikiri sana. Dume nimempa jina: Blanchard. Hapa Kindu mtu mnayeitwa naye jina moja huitwa majina yako, ni zaidi ya ndugu. Nani amewahi kumnyima majina yake chakula?

Jumatano, 4 Septemba

Imefaulu! Blanchard alikuja na hasira, amesikia jina lake linaitwa kibandani. Nikamweleza ni heshima. Akachuchumaa. Dume akasimama kwa miguu ya nyuma, akamnusa kidole. Mtu mzima akacheka kama mtoto. Jioni akaleta fungu zima la matembele. "Ulishe majina yangu muzuri," akaniagiza.

Jike naye ananenepa vizuri mno. Mimi ni mfugaji wa kuzaliwa.

Alhamisi, 5 Septemba

Balaa. Simu kutoka Pangi: mama mkwe anafika Jumamosi. Kuna mdomo umemwambia kuwa binti yake amekonda kwangu. Akikuta ni kweli, anarudi naye. Safi amecheka. Mimi sikucheka. Nampenda Safi, na kupika sijui.

Lakini akili ninayo! Jike nimempa jina la mama mkwe, Mama Mounira. Nikapiga simu papo hapo kumpa habari, nikamwahidi na nyama, atakula mpaka taya zichoke. Safi akauliza: nyama gani?

Hapo nikakaa chini: nyama iliyopo ni hao wawili tu.

Ijumaa, 6 Septemba

Nilidhani tutachinja dume. Blanchard wa pili, yule mwenye miguu miwili, akanisikia kwenye ua. "Siku mutakula ule, mutakuwa mumekula mimi!" Mtaa mzima umesikia.

Basi ni jike. Kwanza nimbadilishe jina, maana kumtia mama mkwe sufuriani ni laana. Tangu asubuhi namwita Fifi. Hageuki. Nikisema Mama Mounira, masikio yanasimama! Nimeogopa kidogo.

Jumamosi, 7 Septemba

Baada ya sala ya alfajiri nikaenda na kisu. Nikamkuta anajinyonyoa. Mwenyewe! Anang'oa manyoya ya kifua chake kwa meno, anayapanga pembeni, anang'oa tena. Kifua kimebaki ngozi tupu. Nikadhani ni wazimu. Nikasema Bismillahi, kisha nikaweka kisu chini.

Halafu akazaa. Bila mlio. Watoto wekundu, vipofu, hawana hata unywele. Akawafunika kwa manyoya yake, na lile rundo likaanza kupumua. Nimeishi miaka arobaini na sikujua kama jambo hili linafanyika duniani. Nimelia. Nimemwambia Safi ni moshi.

Kisu nimekatia majani.

Jumapili, 8 Septemba

Mama mkwe alifika jana mchana kwa pikipiki, mwekundu kwa vumbi kichwa mpaka miguu. Tukampa wali na sombe, majani ya muhogo. Akala kidogo, akauliza nyama iko wapi. Safi akasema yote: jike, kisu, Fifi. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama mkwe akainuka, akaenda kibandani. Akaona kile kifua kitupu. Akakaa chini, mavumbini, na kitenge chake kipya.

Ndipo akatuambia. Wakati wa vita walikimbilia msituni, uchungu ukamshika huko huko. Nguo alikuwa na ile ya mwilini tu. Akaichana, akamfunika mtoto, akatembea siku zile zote na nusu kitenge. Mtoto huyo ni Safi. Safi mwenyewe alikuwa hajui. Kwenye ua, Blanchard alivua kofia.

"Huyu njo majina yangu ya kweli," akasema mama mkwe, na akamgusa jike kati ya masikio.

Safi harudi Pangi, akasema. Alhamdulillahi! Nilitaka kurukaruka. Mama mkwe akaendelea: yeye pia harudi. Anabaki kwetu mpaka watoto wa majina yake wakue.

Jumatano, 11 Septemba

Mama mkwe analala chumbani na Safi. Mimi nalala sebuleni. Watoto wa sungura wameanza kuota manyoya laini, nawachungulia kila saa na kila saa nashangaa upya. Ila mgongo unauma.

Nimepata dawa! Watoto wote nimewapa majina ya kaka zake mama mkwe walioko Pangi. Kila mmoja atataka majina yake apelekwe, na wa kuwapeleka ni dada yao, nani mwingine? Nimepiga simu zote leo. Furaha waliyonayo! Wamekataa kupelekewa. Wanakuja wenyewe Ijumaa, wote, na wake zao.

Nimewaahidi nyama.