Shangazi, Bwana Koti na Kitufe cha Kijivu

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Shule imekwisha. Sina kazi ila kushona vifungo na kufikiri. Leo nimefikiri sana.

Matokeo yakitoka nitakwenda chuo, mbali. Shangazi atabaki dukani na cherehani zake na sanamu la kuonyeshea suti. Tunamwita Bwana Koti. Ana masharubu ya kuchorwa na hana miguu. Jana nilimsikia Shangazi akimwambia Bwana Koti kwamba chai imezidi sukari. Hakuwa anatania. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaongea na mtu.

Niliganda mlangoni na trei mkononi. Kama mimi nipo na anazungumza na sanamu, nikiondoka itakuwaje?

Basi nina mpango. Simu ya Shangazi imeleta tangazo la huduma ya kuwatafutia watu wenza. Inaitwa Ubavu Wako. Wiki ya kwanza ni bure. Wanasema wana kompyuta inayoujua moyo wa mtu kuliko mwenye moyo. Nilipoisoma sentensi hiyo nilisahau kumeza mate.

Shangazi hatakubali, namjua. Kwa hiyo hataulizwa. Nitamsajili mimi, nitamtafutia mwanamume mwema, kisha nitamleta dukani kama mteja wa suruali. Mengine watajuana wenyewe.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimemsajili. Nina heshima kubwa kwa walioandika maswali yale. Je, unapenda mvua au ukimya? Huzuni yako ina rangi gani? Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza rangi ya huzuni yangu, hata mwalimu wa ushauri shuleni. Nikajibu kwa niaba ya Shangazi: mvua. Kijivu, kile cha bitana ya koti.

Kisha wakasema, jieleze. Nikaandika hivi:

Mimi ni fundi cherehani. Mtu akiingia mlangoni namtazama mara moja, najua bega lipi limeshuka. Simwambii. Namkatia koti linaloyaweka mabega sawa, anatoka akitembea kama waziri. Nimemlea mtoto wa kaka yangu tangu hajaota meno na sijawahi kumfanya ajione mzigo. Nikicheka nafunika mdomo kwa sababu ya pengo, lakini pengo lenyewe ni zuri.

Nilipomaliza kuandika nikanyanyua macho. Shangazi alikuwa anatia uzi kwenye sindano bila kuitazama. Nilistaajabu. Miaka yote hii naishi na mtu wa namna hii, na ilibidi niulizwe na kompyuta ndipo nimwone.

Picha nimempiga kwa kisingizio cha kujaribu kamera. Akasema nikijaribu tena atanipiga yeye, na si picha.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nilitaka kuona ukurasa wa Shangazi unavyoonekana kwa wanaume. Kumbe haiwezekani kama wewe si mwanamume. Haidhuru. Kwa simu yangu mbovu nikasajili mwanamume. Picha: Bwana Koti, kuanzia kifuani kwenda juu, ndani ya suti ya mteja anayeoa, mwanga ukitokea nyuma.

Huduma ikamchunguza kwa muda mrefu. Kisha: Hongera, uso wako umethibitishwa. Masharubu ya rangi ya mafuta! Nilimwonea fahari kidogo.

Maswali yake niliyajibu harakaharaka, kwa majibu yaliyonijia kwanza. Kisha nikamwona Shangazi akitokea kwenye kioo cha simu, mzuri mno, nikambonyezea moyo mwekundu. Kumtia bahati tu.

Mchana alikuja Fundi Simu, yule wa kibanda cha ng'ambo ya barabara, kuleta suruali ipunguzwe. Huyu ni adui yangu. Siku moja aliinua simu yangu kwenye mwanga akaniuliza niliichimbua wapi. Mkewe alifariki zamani, kwa hiyo kwa haki nilimfikiria kama mgombea, nikamkata jina kabla ya wote. Anapuliza kila kitu anachoshika. Anaziambia simu pole. Shangazi anastahili mtu aliyetulia.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Sindano imeniponyoka. Arifa imeingia kwenye ukurasa wa Shangazi: Kuna mtu karibu nawe, karibu sana, ambaye moyo wake unalingana na wako kwa takriban kila jambo.

Picha yake imefunikwa ukungu. Ukungu unaondoka kwa malipo.

Karibu sana! Nilichungulia dirishani. Kila mwanamume barabarani akawa na siri usoni. Mwalimu mstaafu wa hesabu alipita ameshika mwavuli na jua linawaka, nikajiambia, huyu anapenda mvua. Nikamfuata mpaka kwa kinyozi. Akageuka akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia ndiyo. Akanirudisha mpaka mlangoni kwetu, mtu mwungwana sana, lakini ukungu ulibaki palepale.

Nikachukua akiba yangu ya pesa za kushona vifungo, nikaiweka kama salio kwenye simu ya Shangazi, nikalipa.

Ukungu uliondoka polepole kuanzia chini. Kwanza koti. Lile koti nalijua. Nimelipiga pasi mwenyewe. Kisha masharubu.

Nilikaa sakafuni. Halafu, baada ya aibu, ukaja mshangao. Maana kompyuta haikukosea. Mimi ndiye niliyejibu maswali ya wote wawili: mvua na mvua, bitana na bitana. Kwa mbali huko iliko iliona kwamba ni moyo mmoja. Na Bwana Koti kweli yuko karibu sana. Pengine inajua hata habari ya chai.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Siku nzima ya kumwondoa Shangazi kwenye Ubavu Wako. Kwa kulipia ule ukungu, wiki ya bure imegeuka kifurushi cha kulipia, na kifurushi kinajirudia chenyewe, kama kwikwi.

Kitufe cha kujiondoa kipo. Kimeandikwa kwa kijivu juu ya kijivu, chini ya picha ya njiwa wawili. Nimekiona kwa sababu nimezoea kutafuta uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Ukikibonyeza anatokea msaidizi anayeitwa Nuru.

Nuru ana moyo wa ajabu. Aliniuliza ni nani aliyeniumiza. Nikamjibu ukweli, kwamba hakuna, isipokuwa mwanamume niliyepatiwa ni sanamu. Nuru akasema ananielewa kabisa, wanaume wengi wako hivyo. Kisha akanipa nafasi ya kuhamia Kifurushi cha Dhahabu. Nikakataa kwa adabu. Akanishukuru kwa kuchagua Dhahabu.

Nikakataa tena. Akaniambia kabla ya kuondoka nimwandikie maana ya upendo. Nikaandika kwa dhati, aya ndefu. Akasema ni fupi. Nikaongeza. Akasema muda umekwisha, nianze upya.

Hakukasirika hata mara moja. Mimi ningekuwa nimeshamtukana mtu. Nilimwuliza kama amekula. Akajibu kwamba swali langu ni muhimu sana kwake, akanielekeza kwenye ukurasa wa maswali yanayoulizwa mara kwa mara. Swali la kula halikuwemo.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Mambo yameharibika.

Shangazi alikuwa anampigia bwana harusi aje kujaribu suti. Akaambiwa salio halitoshi. Akaongeza. Likamezwa. Akaongeza tena. Likamezwa mbele ya macho yake. Akaishika simu kwa vidole viwili, kama panya aliyekufa, akavuka barabara kwenda kwa Fundi Simu. Nikamfuata mbio. Nilifika nimeshika mto wa pini, sijui kwa nini.

Fundi Simu akaipuliza simu. Akaipa pole. Akaifungua, akasogeza kioo kwa kidole, akasema, "Jirani, hii simu haina ugonjwa. Ina mchumba."

Shangazi akasema asimletee mzaha, ana suti ya watu. Fundi Simu akageuza simu ili aone picha yake mwenyewe. Kisha akaanza kusoma yale maelezo kwa sauti. Alianza kama mtu anayetania. Alipofika kwenye mabega akapunguza mwendo. Alipofika kwenye mtoto wa kaka akakohoa. Alipofika kwenye pengo Shangazi alikuwa ameshafunika mdomo.

 Simu za watu zilikuwa zinachaji tu.

Shangazi akauliza ni nani aliyeandika. Fundi Simu akanitazama mimi. Mimi nikautazama mto wa pini.

"Wewe mtoto," akasema Shangazi. "Umenitangaza kama kiwanja."

Nikamweleza yote: chuo, chai, Bwana Koti na sukari. Sikulia, ila pua ilikuwa na mambo yake. Nilingoja kofi la maneno. Shangazi akakaa kwenye benchi. Akasema Bwana Koti angalau hajawahi kumaliza salio la mtu kwa mchumba hewa. Halafu akamwomba Fundi Simu amsomee tena pale penye mabega.

Alipomaliza kusomewa, akamwambia Fundi Simu kwamba bega lake la kushoto limeshuka, analijua tangu alipofungua kibanda. Fundi Simu akalishika bega. Akasema siku zote alidhani ni mashati.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Fundi Simu ameapa kumtoa Shangazi kwenye huduma ile. Amemshinda Nuru kwa maana ya upendo (hakutuonyesha alichoandika), lakini Nuru akasema hatua ya mwisho ni kupiga simu kwa wahudumu. Ukipiga, inapigwa filimbi. Kati ya filimbi na filimbi sauti inakuambia wewe ni wa thamani kwao, endelea kusubiri. Ukikaribia kufikiwa, laini inakatika.

Kwa hiyo Shangazi amehamia kibandani na kazi za mkono. Simu iko katikati yao kwenye benchi, spika imefunguliwa. Fundi Simu anaijibu filimbi. Anaiambia kwamba na yeye anaithamini, ila ana wateja. Kila laini ikikatika wanaitukana kidogo, kwa adabu, wanapiga upya.

Mimi nilikuwa dirishani kwetu na pasi. Shangazi alicheka bila kufunika mdomo. Nikaisahau pasi kwenye kitambaa cha kupigia pasi, sasa kina alama ya mtumbwi.

Jumamosi, tarehe 16 Machi

Bado wanasubiri. Shangazi sasa anaiimba ile filimbi akitembea. Wateja wakimwulizia nasema yuko kwenye simu, na si uongo.

Nimemwona akikata kitambaa cha rangi ya kahawia ambacho hakuna mteja aliyekileta. Bega la kushoto amelijaza kidogo.

Fundi Simu ameitengeneza simu yangu bila kuombwa. Alisema ni mgonjwa mkongwe lakini mpiganaji. Nimemwondoa kwenye maadui kwa muda.

Jumatatu, tarehe 18 Machi

Balaa. Wamepokea.

Mtu wa kweli! Mwanamke mwenye mafua. Shangazi akaeleza, yule mwanamke akapiga chafya, akasema tayari, umeondolewa, kuna lingine? Ilikuwa haraka kuliko kufunga kifungo.

Shangazi akasema hakuna lingine. Fundi Simu naye akasema hakuna. Wakaitazama simu. Haikuwa na la kusema.

Shangazi akakunja kazi yake. Akasema haya, asante jirani. Fundi Simu akasema asante na wewe jirani. Shangazi akavuka barabara akarudi kwetu. Nilimwona Fundi Simu akichukua simu isiyo na vumbi hata chembe, akaipuliza muda mrefu.

Jioni Shangazi alikunywa chai akiwa amekaa dirishani. Hakumwambia mtu yeyote habari ya sukari. Nilikuwepo, Bwana Koti alikuwepo. 

Mimi ndiye niliyeanzisha haya. Sikupata usingizi mapema.

Jumanne, tarehe 19 Machi

Nimeelewa. Nimeelewa yote, na nimeinama kwa heshima.

Tulidhani ile huduma ni mbovu. Hapana. Watu wanaojua kuuliza rangi ya huzuni hawawezi kukosea kitufe. Kijivu juu ya kijivu, Nuru asiyesikia, filimbi, laini inayokatika: yote ni hesabu. Wanaume wa picha ni geresha tu. Kazi yenyewe ni kuwakalisha watu wawili kwenye benchi moja, na kutowaachia mpaka mambo yaive. Kwetu kosa lilikuwa moja. Yule mwanamke mwenye mafua alipokea mapema mno. Bila shaka alikuwa mgeni kazini.

Kwa hiyo asubuhi hii, Shangazi alipokuwa anapima mteja, nimemsajili upya. Safari hii si kifurushi cha wiki. Ni Dhahabu, mwaka mzima, kinajirudia chenyewe. Nuru alinikaribisha, akasema alijua nitarudi. Nusura nilie. Kwenye simu yangu iliyopona nimemsajili pia yule mwalimu mstaafu wa hesabu. Picha yake sina, nimetumia mwavuli. Umethibitishwa.

Kabla ya saa sita Shangazi alitaka kupiga simu. Akaambiwa salio halitoshi. Akaitazama simu. Akanitazama mimi. Nikainama kwenye vifungo, nikangoja.

 Alikwenda kwenye kioo, akafunga kilemba chake upya. Akaiacha ile suti ya haraka juu ya meza, akachukua gauni la shanga, kazi ya miezi. Halafu akavuka barabara, simu akiwa ameishika vizuri kabisa, kwa mkono mzima.