Nyota Tatu Kutoka Drumlusk

Jumanne, 11 Machi

Nyota tatu na nusu. Kati ya tano! Nimefuta miwani, nikatazama tena. Tatu na nusu vilevile.

Filamu yenyewe inaitwa "Babu Yangu Kibwengo". Mmarekani anarithi shamba la babu yake hapa kwetu Drumlusk, Ireland, anataka kuukata mti wa miiba uliosimama peke yake katikati ya konde. Kumbe babu alikuwa kibwengo, na mti ndio nyumba ya ukoo. Watoto wanacheka, wazee wanalia, mbuzi anaruka ukuta. Na ndani ya mti huo yumo nani? Binti yangu Etain! Bibi wa Mti! Ana sentensi moja tu, lakini ndiyo inayoibeba filamu nzima: "Mwache babu yako apumzike, Myanki!" Nimeitazama mpaka Malachy, mume wangu, anaitamka usingizini.

Nimekaa jikoni kusoma maoni ya watazamaji mtandaoni. Mwanamke mmoja wa Ohio kalia tangu mwanzo hadi mwisho, maana bibi ya mama yake alitoka Ireland, ingawa hajui sehemu gani. Nyota tano. Mtu mwema. Halafu mtu wa Dublin, nyota moja. Eti hakuna Mwairishi anayeongea vile, eti mvua ilikuwa chache mno, na eti msichana wa mtini anasema kama aliyebanwa kidole na mlango. Kidole! Watu wa Dublin! Watu wasiojua ng'ombe anaanzia wapi!

Sasa jambo lenyewe. Bwana Kessler, mwongozaji, kampigia Etain simu kutoka California. Nyota zikifika nne kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, kampuni inatoa pesa za filamu ya pili. Itapigwa hapa hapa, na Bibi wa Mti atatoka mtini awe mtu mkubwa. Zisipofika, basi. Na Etain ana viza ya Australia kabatini. Rafiki zake wote wako Perth, mmoja baada ya mwingine, kama kuku waliogundua tundu kwenye ua. Kaniambia taratibu, huku anakausha vikombe, kwamba filamu ikija atabaki. Isipokuja ataondoka baada ya Pasaka.

Nikamwambia sawa, mwanangu. Nikasema kwa sauti ya mtu asiye na mpango.

Nina mpango.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi nzima nimeandika maoni. Saba! Mwalimu wangu wa darasa la sita alisema sitaandika chochote cha maana. Angeniona leo.

Hank, mfuga ng'ombe wa Texas: Bibi wa Mti kamtoa machozi mbele ya ng'ombe wake, na Mungu amlipe mama aliyemzaa. Mtawa mmoja wa Roma: amewaonyesha masista wote, na Mama Mkuu ameomba irudiwe pale penye mti. Daktari wa macho wa Paris: anawashauri wagonjwa wake waitazame. Nyota tano, tano, tano.

Malachy kachungulia begani kwangu, akasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamjibu kwamba chema kisipotembezwa huozea dukani, na kwamba yeye mwenyewe nilimtembeza miaka miwili kabla mama yangu hajamkubali. Akaenda kuwatazama kondoo.

Nimeacha biskuti kwa ajili ya Kwaresima. Lakini kazi ya kichwa inataka sukari. Nimekula moja.

Mbili.

Alhamisi, 13 Machi

Maoni yangu yamefutwa! Yote, isipokuwa ya Hank. Nilimuuliza Etain, kwa mbali sana, inakuwaje maoni yafutwe. Akasema mitambo hutambua yakitoka mengi nyumba moja. Akaniuliza kwa nini. Nikasema nimesikia redioni.

Dukani nikakutana na Assumpta Tighe. Binti yake Riona alicheza ngoma kwenye filamu hiyo hiyo, ile sehemu ya baa. Miguu tu ndiyo iliyoonekana. Kutoka magotini kushuka chini. Basi Assumpta anatembea mjini kama mama wa malkia.

Alikuwa na simu mkononi, anayasoma maoni ya Hank kwa sauti mbele ya watu wote. Kisha akaniuliza, kwa ule utamu wake wa sumu, "Hebu niambie Attracta, shoga yangu, huyu mchunga ng'ombe kajuaje kwamba Etain alishinda kikombe cha kughani mashairi akiwa na miaka tisa?"

Nilikuwa nimesahau kwamba nilikitaja kikombe kwenye maoni ya Hank.

Nikamwambia Wamarekani wanasoma sana. Akasema naam, yeye pia kaona maoni ya mtu anayesema miguu ndiyo kitu bora kuliko vyote mle ndani. Nikasema mtu huyo labda ni fundi viatu. Mwenye duka akaingia stoo, tukamsikia anacheka huko.

Nimerudi nyumbani bila maziwa.

Jumamosi, 15 Machi

Mpango mpya, na huu ni halali hata mbinguni. Kama mitambo inataka watu wa kweli, nitaileta Drumlusk nzima!

Nimemfuata Padri Fintan na mkate wa zabibu, bado wa moto. Nikamweleza kwamba usiku wa Mtakatifu Patrick, baada ya gwaride, filamu ionyeshwe ukumbini. Kila mtu aje na simu yake, aandike maoni papo hapo. Padri akasema haoni dhambi, mradi watu waandike kinachotoka moyoni. Nikasema Padri, mimi ndicho hicho hicho ninachokitaka, moyo. Akauliza kama mkate una wisiki. Nikasema kidogo. Akasema atatangaza kwenye misa zote mbili.

Mtoto atabaki nyumbani. Nimeanza kuangalia rangi ya pazia za chumba chake.

Jumatatu, 17 Machi

Siku kuu! Mvua ya kwenye gwaride ilikuwa ya wima, si ya ubavu, kwa hiyo wote walikuja. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakalia meza za chai. Taa zikazimwa. Nilikaa mstari wa mbele na kofia mpya. Malachy aliniomba niivue, watu wa nyuma wanaona manyoya tu.

Walicheka! Mbuzi aliporuka ukuta, mzee mmoja alipoteza meno yake ya bandia, yakatafutwa kwa tochi. Etain alipotoka mtini na kusema sentensi yake, ukumbi ulinyamaza kama kanisani padri anapoinua hostia. Babu kibwengo alipoaga, Peadar Cawley alilia. Peadar ndiye anayetuzika wote hapa. Ameuza majeneza tangu ujana wake na hakuna aliyewahi kuliona chozi lake.

Kisha wakaja kunishika mkono, mmoja mmoja. Haikuwa mbaya, Attracta. Haikuwa mbaya hata kidogo. Mimi nimeona mbaya kuliko hiyo. Moyo ukanipaa! Mtu asiye wa hapa hawezi kujua uzito wa maneno hayo. Timu yetu ilipochukua kombe la wilaya, baada ya miaka arobaini, tulisema vijana wamejitahidi. Malachy aliponiposa nilimjibu kwamba kuna mabaya zaidi, na yeye akaenda kumwambia kila mtu kwamba nimekubali kwa furaha.

Na waliandika! Nimewaona kwa macho yangu, vidole juu ya simu, ukumbi mzima unang'aa buluu. Nimelala kama mtoto.

Jumanne, 18 Machi

Nyota tatu na robo! Zimeshuka!

Nimesoma yote nikiwa nimesimama. Peadar Cawley: "Haikuwa mbaya. Nyota tatu." Mwenye duka: "Nimewahi kukalia viti vigumu zaidi maishani. Nyota tatu." Mwalimu mkuu: "Etain wa akina Mulqueen alijitahidi. Nyota tatu." Padri Fintan, na mkate wangu wote tumboni: "Nilikaa mpaka mwisho. Nyota tatu." Ukurasa baada ya ukurasa. Tatu, tatu, tatu, kama jogoo mwenye kigugumizi.

Nikatoka na kandambili kwenda kwa Peadar. Nikamuuliza si alilia? Akakiri, alilia sana, hajalia vile tangu mbwa wake afe. Nyota tano ziko wapi basi? Akanitazama kama nimemtukana. "Tano ni za Mungu, mama. Nne nampa marehemu, tena awe alikuwa mtu mzuri. Walio hai wakipewa nne wanaharibika."

Nikamgeukia Malachy. Baba mzazi! Tatu! Akasema atoe nne kwa mtoto wake mwenyewe, halafu watu waseme nini? Kwamba akina Mulqueen wamepanda chati? Akasema moyoni alimpa tano na nusu. Nikamwambia kwamba Bwana Kessler hana njia ya kumpasua kifua akasome humo.

Mimi? Mimi nilitoa tatu. Ningefanyaje? Jina langu kamili lilikuwa pale, na Assumpta Tighe alikuwa anapumua shingoni kwangu. Kujisifu mbele ya watu! Mimi si mtu wa namna hiyo.

Aliyetoa tano ukumbi mzima ni mmoja tu. Assumpta. Kwa jina lake, hadharani, na kasifu miguu kwa aya tatu. Mwanamke hana haya hata chembe. Laiti tungekuwa na mia kama yeye.

Jumatano, 19 Machi

Nimekwenda nyumba kwa nyumba kuwaelimisha. Nimewaambia kwa Wamarekani tatu ni tusi. Wakashangaa sana. Mwenye duka akauliza, sasa kitu kikiwa kibaya kweli wanatoa ngapi? Nikasema moja. Akasema basi tatu ni mbali sana na moja, tatizo liko wapi.

Hata hivyo wameahidi kurekebisha. Jioni nikafungua. Peadar kweli amerekebisha. Sasa inasomeka: "Haikuwa mbaya hata kidogo, nasema tena, hata kidogo. Nyota tatu." Mwalimu mkuu kaongeza mkato na nukta.

Assumpta alinisimamisha njiani. Nilidhani anakuja kunicheka. Badala yake akasema amempigia simu dada yake wa Boston atoe tano, na mashemeji zake wote. Nikamuuliza kwa nini, wakati miguu haina filamu ya pili. Akatazama pembeni, akasema Riona naye kaanza kuulizia nauli za Perth, na kama Etain akibaki, labda na wake atabaki. Tukasimama hapo kwenye mvua bila kutukanana. Haijawahi kutokea.

Ijumaa, 21 Machi

Barua ya Bwana Kessler imefika kwenye simu ya Etain. Ameyasoma maoni ya Drumlusk, yote, na hakulala. Anasema sasa anaelewa kwamba alikanyaga urithi wetu kwa viatu vya matope. Kijiji kizima kimekaa pamoja, usiku wa mtakatifu wetu, kimemkataa kwa sauti moja na kwa adabu kubwa. Anatuomba radhi, sisi na mababu zetu. Hatathubutu kurudi. Kampuni imeufuta mpango wa filamu ya pili, na yeye anatengeneza filamu ya mbwa wa zimamoto.

Etain alimjibu palepale, akamweleza kwamba yale yote yalikuwa sifa. Kessler akajibu kwamba huruma ya Etain imemgusa.

Nikasubiri anilaumu. Alianza kucheka. Akacheka mpaka akashika sinki. "Mama wee, ilikuwa sentensi moja! Tena ndani ya mti!" Kisha akanikumbatia kwa mikono yenye povu, akasema ameshakata tiketi, wiki moja baada ya Pasaka. Duka la dawa la Perth limempa kazi, maana ni mfamasia mzuri kuliko alivyo bibi wa mti.

Nikasema nakwenda kukunja taulo. Nimezikunja zote zilizomo kabatini, nikazikunjua, nikazikunja tena. Malachy akaja, akasimama mlangoni, akaanza kunipa moja moja. Mtu mzuri, yule.

Jumapili, 23 Machi

Nimelitafuta hilo duka la dawa mtandaoni, nione mwanangu anakwenda kwa watu wa aina gani. Nikakuta lina maoni ya wateja. Nyota nne nukta nane! Wanamsifu mwenye duka kwa upole, wafanyakazi kwa tabasamu, hata benchi la kusubiria limesifiwa. Mahali kama hapo mtoto akiingia, hatoki. Ataolewa huko. Wajukuu wangu watakuwa na rangi ya tofaa lililookwa na wataniita bibi kwa simu tu.

Basi nimekaa, nikachemsha chai, nikaandika. Jina: Bi. Beryl, mjane, mkazi wa Perth. Nimesema dawa yao ya kikohozi ilinipa kikohozi. Benchi ni gumu. Na yule mfamasia wa Kiairishi wanayemtarajia baada ya Pasaka ana akili kuliko duka zima, ni aibu kumchosha, na mtu mwenye utu angemrudisha kwa mama yake kabla ya Krismasi. Nyota moja.

Malachy kasoma, akauliza mjane wa Perth amejuaje sifa za mtu ambaye hajafika.

Nimemwambia wajane husikia mambo. Kisha nimempigia simu Assumpta, anakuja saa kumi jioni, na simu yake mkononi. Na dada yake wa Boston anasubiri na yake.