Jicho la Kompyuta na Rimoti ya Shaban

Jumatatu, 6 Agosti 2001

Limefika! Jicho la kompyuta limeletwa na basi la Dar, limefungwa ndani ya soksi. Kidude cheusi, ukubwa wa kiberiti, kina waya wa kuchomeka nyuma ya kompyuta. Ukibonyeza rimoti, jicho linaona, kompyuta inatii. Filamu inaanza, inasimama, nami nimekaa kitini. Kibiti nzima hakuna mwenye nacho. Mohoro ndiyo usiseme, kule bado wanashangaa taa ya karabai.

Jumapili Bi Semeni ataamua ghala lake la korosho pale stendi ampe nani afanye ukumbi wa video: mimi au Shaban. Shaban! Mtu wa deki. Filamu ikikwama anautoa mkanda na kuuzungusha kwa kalamu, watazamaji wanapiga miluzi, na bado anajiita mkurugenzi. Mimi nina kompyuta, niliyoinunua mnadani siku mradi wa mikoko ulipofungwa. Lakini naonyeshea sebuleni, na mke wangu Zaitun ameapa kuwa mwezi huu ndio mwisho wa watu kukanyaga mikeka yake. Nikilikosa ghala, nimekwisha.

Kuna tatizo dogo. Jicho halikuja na rimoti. Binamu yangu wa Kariakoo alisema yoyote itafaa. Mwongo mkubwa. Kompyuta lazima ifundishwe kwanza, kitufe kimoja kimoja: unabonyeza, inapokea, inakumbuka. Nimejaribu rimoti ya televisheni yangu (televisheni ilikufa mwaka juzi, rimoti ingali hai). Kimya. Ya gesti. Kimya. Ya mwalimu Haruni ikapokelewa kitufe kimoja tu, tena kimakosa. Sishangai. Ndivyo anavyofundisha.

Jumanne, 7 Agosti

Nimemvizia Sihaba, mke wa Shaban, akiwa peke yake. Nikamwambia leo naanika betri, kama ana rimoti anipe nimwanikie na za kwake. Akanipa ya deki yao, ambayo siku hizi haisikii tena rimoti, akanishukuru. Nyumba ile nzima hakuna akili.

Rimoti ya Shaban imekubali! Vitufe vyote! Cheza, simama, mbele, nyuma. Nimeendesha filamu nzima ya kareti nikiwa kitini, nakula mhogo. Nilijiona waziri.

Alasiri Shaban mwenyewe akaja kuchungulia. Rimoti nikaichomeka ndani ya kofia, kofia nikaivaa. Akalitazama jicho kwa muda mrefu. Akasema kizuri hicho Bushiri, kizuri sana. Basi. Mashallah hakusema. Mtu mzima, kasoma madrasa, anajua fika anachofanya.

Jumatano, 8 Agosti

Sikupata usingizi. Husuda ya Shaban nimeihisi mpaka kwenye magoti. Asubuhi, watu wako kwenye sherehe za Nane Nane, mimi nikakanyaga baiskeli hadi Mtawanya kwa mzee Abdulkarimu, anayeandika hirizi. Wa hapa Kibiti wanaandika kwa kalamu ya wino wa dukani. Matapeli. Yeye anatumia zafarani.

Karatasi nimeifunga pamoja na jicho lenyewe, ndani ya kaniki, kunjo tatu, waya tu ndio unaotoka. Zaitun akashona. Akauliza jicho litaonaje likiwa mfukoni. Nikamjibu kwamba redio ya jirani tunaisikia na ukuta uko katikati, sembuse kitambaa. Akakata uzi kwa meno.

Alhamisi, 9 Agosti

Haifanyi kazi! Nimebonyeza mpaka dole gumba limevimba. Nimesogea karibu. Nimeigusa kaniki kabisa kwa rimoti. Nimezima kompyuta, nimewasha. Bure.

Sababu iko wazi: betri. Shaban ni bahili, kaziacha humo tangu rimoti iliponunuliwa. Nimezing'ata, nimezianika juu ya bati mchana kutwa. Zaitun anashauri tuifungue kaniki tujaribu. Kufungua hirizi! Wakati adui yuko mtaa wa pili! Huyu mwanamke sijui yuko upande gani.

Jumamosi, 11 Agosti

Betri mpya. Wapi! Sasa nimeelewa. Rimoti ni ya Shaban, imezoea mkono wake, inagoma kumtumikia mwingine. Kiburi kilekile cha mwenyewe. Nimeifukiza ubani. Nimeisemesha kwa upole. Imenidharau.

Lakini Bushiri hakosi njia. Kesho Zaitun atajificha nyuma ya pazia, kibodi mapajani. Nikinyoosha rimoti na kukohoa, anabonyeza. Kakubali kwa sharti kwamba tukipata ghala, mikeka haikanyagwi tena na mtu yeyote, hata mimi.

Jumapili, 12 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Bi Semeni alikuja na mkongojo wake, Shaban nyuma yake kaikumbatia deki. Nikakaa. Nikanyoosha rimoti. Nikakohoa. Filamu ikaanza! Nikakohoa, ikasimama! Bi Semeni akasema subhanallah. Shaban alinywea. Raha niliyoisikia pale siwezi kuieleza.

Kisha moshi wa jenereta ukaingia dirishani, Bi Semeni akakohoa. Filamu ikaanza. Akakohoa tena, ikasimama. Yule mama ana kifua cha siku nyingi. Filamu ikawa kama ina kwikwi. Akainuka, akavuta pazia. Zaitun huyu hapa. Akamwamkia shikamoo, na kidole bado kiko kwenye kibodi.

Juu ya kompyuta, hirizi. Bi Semeni amehiji. Akafoka kwamba mambo ya shirki hayatii mguu kwenye ghala lake, akaichana kaniki kwa meno aliyobakiwa nayo, jicho likaangukia mezani. Papo hapo Shaban akauona mkono wangu. Bushiri, hiyo si rimoti yangu? Akaninyang'anya, akabonyeza kwa hasira tu. Filamu ikaanza. Akabonyeza. Ikasimama. Mbele. Nyuma. Bi Semeni akakohoa, filamu haikutikisika.

Mashallah, akasema Bi Semeni, fundi ndiye huyu. Akampa ufunguo mbele yangu. Nilitamani kulia.

Jumatano, 15 Agosti

Zaitun amekunja mikeka, kaifungia chumbani. Watazamaji wameniacha. Anasema aliona kwa macho yake: kaniki ilipotoka tu, kila kitu kikafanya kazi. Nikamwambia ndiyo maana yangu! Kinga ilipochanwa, uchawi wa Shaban ukapita. Asiyeliona hilo ana tatizo.

Leo Shaban kaja, kajikunja. Bi Semeni kamwambia hataki deki, anataka ile ya kukaa kitini. Akaniomba nilete kompyuta ghalani tufanye kazi pamoja, yeye ashike rimoti. Ijumaa anafungua, kaalika mpaka watu wa Chumbi. Nimekubali. Fundi hawezi kukataliwa milele. Wakati anatoka akalitazama jicho, akasema kizuri sana. Mashallah? Hata chembe.

Nimerudi Mtawanya mbio. Zaitun amekataa kushona, nimeshona mwenyewe. Kaniki kunjo saba safari hii, jicho ndani, na juu yake ngozi ya mbuzi. Nimeipeleka ghalani na kuipigilia misumari juu kabisa. Kwanza niliikagua nje, kwenye jua kali. Haipiti hata nuru.