Kabati la Nabiha na Sakafu ya Pikapu

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Nimejitolea. Ijumaa kabati la harusi la Nabiha, binti wa dadake mke wangu, litatoka Kuze kwenda Tudor kwa pikapu yangu. Mamake, Mwanabaraka, alikuwa ashazungumza na jirani Zakariya mwenye lori dogo la Kanta. Nikamwambia haifai mali ya harusi kubebwa na mtu baki. Mke wangu Fadhiya akauliza kama nimeitazama sakafu ya hiyo pikapu. Nimeitazama. Kutu kidogo.

Jumanne, 2 Septemba
Si kidogo. Nilipoondoa mkeka nikaiona lami ya barabara kwenye matundu. Nikaenda Shimanzi kwa Kioko, fundi wa kuchomelea. Akagonga sakafu kwa bisibisi, bisibisi ikapita. Akasema yatakiwa bati jipya, na kazi haiishi wiki hii. Bila shaka. Mchomeleaji huona kila kitu kinataka kuchomelewa. Nimetazama video kwenye simu. Puti ya kuzibia matundu yatosha.

Jumatano, 3 Septemba
Puti ikaanguka chini. Nikatanguliza katoni, nikapaka tena, juu yake rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka milango. Imependeza. Zakariya akapita, akachutama, akatazama uvunguni muda mrefu. Akasema Kanta yake ipo tu Ijumaa, nisione haya. Nikamjibu rangi haijakauka, asipumulie karibu.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimepanda kuijaribu. Imenihimili. Nikamwita Fadhiya ashuhudie. Akasema nimesimama ukingoni, penye chuma. Hakuna jema kwake. Mchana nimefunga honi mpya yenye sauti tatu.

Ijumaa, 5 Septemba
Baada ya sala hamali wakalitoa kabati vichochoroni hadi barabarani, karibu na Ngome ya Yesu. Mninga mtupu. Alilichonga marehemu babake Mwanabaraka, fundi seremala, kwa mkono wake. Wakalipakia, likasimama wima. Nikapiga honi, nikaondoka.

Kwenye tuta la kwanza nikasikia sauti kama katoni mbichi ikichanika. Kabati likazama. Miguu ikatokea chini, ikaburuzwa barabarani. Waongoza watalii wakawaacha wageni wao, wakaja kutazama.

Mwanabaraka, na Nabiha nyuma yake, akaja mbio. Akaokota mguu uliovunjika, akaufunga kwa leso yake.

"Shemeji," akaniambia, "hii ni kazi ya mkono wa baba."

Nikafuta macho. Nabiha akamshika mamake bega, akasema mguu utaungwa, seremala hawajaisha Mombasa. Kisha akanigeukia.

"Ami, usilie."

Sikuwa nalia. Ni vumbi la puti.

Zakariya akaja na Kanta bila kuitwa. Akapakia, akafunga kamba, akaenda zake.

Jumapili, 7 Septemba
Harusi imepita salama. Mguu umeungwa, kabati limesimama Tudor. Mwanabaraka amenitumia sahani ya pilau, bila salamu.

Nimefikiri sana. Kosa lilikuwa la miguu. Uzito wote ule kwenye ncha nne, sakafu gani ingestahimili? Nimeziba upya, puti mara mbili.

Jioni mwalimu wa madrasa alikuwa akitafuta gari, maji yamekatika na wanafunzi hawana pa kutawadhia. Nikamwambia asihangaike, kesho nitamletea tangi. Akauliza kama pikapu itaweza, maana litakuja limejaa.

Nimemtoa hofu. Tangi ni la plastiki, na chini ni bapa.