Kasri Lisilo na Dirisha

Jumatatu, 8 Juni
Darasa la binti yangu Sundus linasoma hadithi za wafalme. Kila familia ijenge kasri! Litakaloshinda litakaa darasani mwaka mzima. Sundus hataki kingine duniani. Nimemwambia atulie, babake yupo. Hafswa, mke wangu, kacheka kupita kiasi. Shemeji Husni, ambaye mwanawe yuko darasa hilo hilo, anajenga minara ya mikebe na kuipaka dhahabu. Kujionyesha tu.

Jumanne, 9 Juni
Nina siri. Nitajenga nyumba ya bibi! Mle ndimo nilimosikia hadithi zote, kichwa pajani mwake, akinukia asumini. Iliuzwa. Sasa ni hoteli, na mlinzi huniuliza kama nimepotea. Nimechora kwa kumbukumbu: daka la wageni mlangoni, ua wa ndani, zidaka za vyombo ukutani. Boriti ni vijiti vya ufagio. Ufagio mpya wa Hafswa. Hajajua.

Alhamisi, 11 Juni
Amejua. Hata hivyo tumepaka chokaa sote watatu. Sundus akauliza kila chumba alilala nani. Nikamweleza chumba kwa chumba. Namkumbuka bibi, jamani.

Ijumaa, 12 Juni
Balaa! Katika hadithi yao binti mfalme humrushia mchunga punda pete kutoka dirishani. Mwalimu Kerubo kauliza dirisha li wapi. Nikamjibu kwa heshima kwamba nyumba ya watu wenye haya haifungui dirisha njiani. Mfalme gani huyo, bintiye atazamwe na wapita njia? Akasema bila dirisha hakuna hadithi. Turudi nalo Jumatatu. Husni ana madirisha kumi na mawili! Sundus kalia hadi nyumbani.

Jumapili, 14 Juni
Nimetoboa dirisha mwenyewe. Limeangukia chumba cha bibi hasa. Bibi anisamehe. Sundus kanibusu.

Jumatano, 17 Juni
Tumeshinda! Nikapita shuleni kutazama tu. Watoto wamepanga foleni kuchungulia chumbani mwa bibi! Nikangoja watoke kwenda kucheza. Karatasi, gundi, dakika mbili. Nikarudi roho kwatu.

Alhamisi, 18 Juni
Mwalimu amepiga simu. Kasri letu limeshushwa, la Husni limepandishwa. Sundus hanisemeshi, na inaniuma. Hafswa amesema kesho niende nikaombe radhi, nizibue dirisha, huenda tukarudishiwa nafasi. Nitakwenda. Nitazibua mbele ya mwalimu, kwa adabu zote. Kipazia nimeshakishona, kimo mfukoni.