Nduru Niliyopiga Korongoni

Leo aibu imenikuta mchana peupe, tena mbele ya nusu ya kijiji.

Asubuhi nilitoka Embu mjini nikashuka Mbeere, peke yangu, kutembea ndani ya korongo. Mto wake huingia Tana, na Tana huenda baharini. Nilitaka kuusikia ukiianza safari hiyo ndefu kati ya miamba, kwa ajili ya riwaya yangu. (Ndiyo, ile ile isiyoisha.)

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Kisha njia ikakatika. Nikapanda ukingo mwembamba wa mwamba, nikajivuta kama mjusi, hadi mguu ukakosa pa kukanyaga. Mbele hakupitiki. Nyuma sifikii. Chini yangu maji mekundu ya matope, hayaonyeshi kina. Nami nimekulia mlimani, kwenye majani chai ya Manyatta; kuogelea sijui!

Nikauona mwili wangu ukielea hadi Tana, kisha baharini, bila riwaya.

Nikapiga nduru. "Uuuwi! Nakufa!"

Huku nduru haipuuzwi. Anayeisikia huja na chochote alichoshika. Waliokuwa wakipalilia ndengu huko juu wakateremka mbio, watu kama ishirini, na majembe, na mapanga.

"Mwizi ako wapi?" mzee mmoja akafoka.

"Hakuna mwizi! Ni mimi!"

"Wewe ndio mwizi?"

"Hapana! Mimi ni mwandishi!" (Sijui nilidhani hilo lingenisaidia vipi.)

"Sasa nani anakuua?"

"Maji, mzee! Sijui kuogelea!"

Shosho mmoja akakunja leso yake, akaingia mtoni, akatembea taratibu hadi chini yangu. Maji yalimfika magotini.

"Mjukuu wangu," akasema, "kwani nani amekuambia uogelee? Simama."

Nikaachilia mwamba. Nikasimama.

Jamani, hicho kicheko! Kiligonga mwamba huu, kikarudi kutoka ule.

Yule mzee akanikabidhi jembe lake. "Umetutoa shambani, sasa turudishe."

Nimepalilia mistari mitatu ya ndengu, suruali ikichuruzika maji, na sijawahi kuipenda ardhi kavu namna hii.

Chekeni tu, marafiki. Heri nduru ya bure kuliko matanga ya kweli.